Mke Hayumo Kwenye Orodha

Wiki iliyopita tulimwacha Irmela Brenneisen mlangoni pa choo cha barabara kuu, nje kidogo ya mji wa Memmingen, mikono ikimchuruzika maji. Si sisi tu tuliomwacha. Pale lilipokuwa gari la mumewe sasa palikuwa na doa la mafuta na shomoro wawili wakigombea kipande cha mkate.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Gari-nyumba lile lina urefu wa mita saba na nusu, ni jeupe, na ubavuni limechorwa tai. Si kitu cha kupotea kama sindano.

"Hartwig?" aliita, kwa sauti ya mke anayemwita mume aliye chumba cha pili.

Hartwig alikuwa ameshamaliza kilomita kumi na mbili.

Msomaji utaniuliza, gari lina choo ndani, mama wa watu alifuata nini choo cha barabarani? Nenda kamuulize mwenye gari. Hartwig ana choo cha kisasa chenye taa inayojiwasha, na tangu alinunue gari hilo hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kikitumika kitajaa, kikijaa lazima kimwagwe, na kwa desturi ya wenye magari haya anayekwenda kumwaga ni mwanamume. Kwa hiyo choo kinang'arishwa kila Jumamosi na mke anateremshwa vituoni. Nimeishi na watu hawa miaka thelathini, nimeolewa kwao na mume nimemzika kwao, lakini jambo hili bado sijalizoea.

Irmela alikuwa na kandambili miguuni, koti jepesi la mvua, na mfukoni kuponi ya choo. Hapa ukilipia choo unapewa kikaratasi cha kununulia kahawa, ili upate sababu ya kurudi chooni. Simu yake, mkoba na miwani vilikuwa kitandani, na kitanda kilikuwa kinakwenda Ziwa la Bodensee kwa kasi ya kilomita tisini kwa saa.

Umri wake miaka sabini na mmoja.

Sasa nieleze mtu anamsahauje mke. Hartwig alikuwa mkaguzi wa lifti kwa miaka thelathini na minane, na tangu astaafu anakagua kila kitu ambacho hakuna aliyemwomba akikague. Ameandika Orodha ya Kuondoka, mambo arobaini na moja, ikapakwa plastiki na kutundikwa kando ya mlango. Gesi imefungwa? Waya wa umeme umechomolewa? Kidirisha cha paani? Kipandio? Mpaka jambo la arobaini na moja, kikombe cha dereva kimeoshwa? Orodha hiyo ilichapishwa kwenye jarida la klabu yao, Klabu ya Magurudumu Huru, na wapo wanachama walioikariri kama sala.

Kila wanapoondoka Irmela husoma, Hartwig hujibu "tayari." Miaka tisa wamefanya hivyo. Mke hayumo kwenye orodha kwa sababu mke ndiye msomaji. Nani ataandika "msomaji yupo?" wakati msomaji ndiye anayeuliza?

Asubuhi hiyo Irmela alikuwa na kichwa kinachogonga tangu Ulm. Mji ule una kanisa lenye mnara ambao watu wanatoka mwisho wa dunia kuja kuuona. Hartwig aliupa dakika ishirini na mbili. Hakuingia ndani, alibaki kulilinda gari lake, akamwagiza mkewe aangalie haraka kisha amsimulie. Irmela alirudi mbio, akihema, akapanda kitandani nyuma na kuvuta pazia.

Nje ya Memmingen Hartwig alisimama kukagua tairi. Alipokuwa uvunguni akilisema tairi, Irmela alishuka kwa mlango wa pembeni. Alipotoka uvunguni akaona pazia limefungwa, akasema moyoni amwache alale. Akajisomea orodha mwenyewe kwa kunong'ona, ukawa ndio wema wake pekee wa mwaka huu. Arobaini na moja, yote tayari. Akaondoka.

Haya, mwanamke huyo tumwache hapo na kandambili zake, twende na bwana.

Barabarani wenye gari-nyumba husalimiana kwa kuinua mkono wanapopishana. Hartwig hujibu salamu ya gari lenye urefu wa lake au zaidi. Vigari vidogo huvitazama kama watu wanaomdai. Siku hiyo alikuwa mkarimu zaidi ya kawaida, maana moyoni alikuwa na jambo, na jambo lile lilimkaba tangu mwezi wa pili.

Alipopita mji wa Leutkirch akalitoa. Alilitoa kwa pazia, kwa kuwa kumwambia mkewe usoni hakuwa na ubavu.

"Irmela, nyumba nimeipatia mnunuzi."

Kimya.

"Jumatatu saa nne tuna miadi kwa wakili. Ni kutia saini tu."

Kimya.

"Najua ni ya mama yako. Lakini sheria ya klabu ni sheria ya klabu."

Nyumba yenyewe iko mjini Heilbronn. Matofali yake mama yake Irmela aliyatoa kwenye vifusi vya vita, akayakwangua kwa nyundo moja moja, mimba ya Irmela ikiwa tumboni alipomalizia ukuta wa mwisho. Irmela alizaliwa humo. Juu kuna kachumba kenye cherehani yake, dirisha linatazama mti wa tofaa, na akiwa humo hakuna anayemkagua. Hati ya nyumba ina jina lake peke yake. Bila saini yake haiuziki hata kitasa cha mlango.

Na sheria ya klabu inasema mwenyekiti lazima awe mtu wa barabarani mwaka mzima, asiwe na makao mengine. Siku hiyo saa tisa alasiri, kwenye kambi ya magari kandoni mwa Ziwa la Bodensee, klabu ilikuwa inachagua mwenyekiti. Hartwig aliutaka uenyekiti ule kama mtoto anavyotaka filimbi. Basi mnaona hesabu yake: yeye apate cheo cha kupiga kengele mezani mara mbili kwa mwaka, na mkewe asibaki na ukuta wa kuegemea.

"Husemi kitu," alisema walipoikaribia Wangen. Yaani alipoikaribia. "Ahsante, mke wangu. Nilijua utaelewa." Akafuta jicho. Naapa, alifuta jicho.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee wetu. Hartwig hajui Kiswahili.

Saa sita na robo aliingia kambini. Magari arobaini yalikuwa yameshajipanga, na mbele ya kila gari mume na mke kwenye viti vya kukunja, wanatazama barabara. Watu hawa wanaendesha kilomita mia tano kuja ziwani, wakifika wanaligeuzia ziwa kisogo na kutazama wenzao wanavyoegesha. Hakuna mchezo wanaoupenda kuliko huo.

Desturi ni kwamba mke hushuka, husimama nyuma ya gari na kumwongoza mume kwa mikono. Hartwig akasubiri. Mke hakushuka. Akapiga honi kidogo, kwa adabu. Viti vikasogezwa.

"Irmela," akasema kwa ukali wa chini chini, akaenda nyuma kuvuta pazia.

Kitandani palikuwa na simu, mkoba na miwani tu.

Mtu mwingine angepiga kelele, angeita polisi, angegeuza gari pale pale. Hartwig alifungua choo, akakikuta kitupu na kinang'aa. Akafungua kabati la nguo. Naam, kabati. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akafikiri, na alichofikiri nitakuambia kwa mpangilio. Kwanza, watu watasema nini. Pili, saa saba kizuizi cha kambi kinateremshwa kwa mapumziko ya mchana, na hakuna gari linaloingia wala kutoka mpaka saa tisa. Tatu, akienda Memmingen sasa hatawahi kura. Kuhusu mkewe alifikiri sentensi moja: ana koti.

Akatoka nje akitabasamu. Akatangaza kwamba mama kichwa kinamuuma, amelala. Akapiga rivasi bila mwongozaji, akagonga chungu cha maua cha kambi, akashuka na kukikagua kana kwamba chungu ndicho kilichokosea njia.

Mzee Ottmar Pfisterer, mwenyekiti anayeondoka, akaja kumpa mkono. Akamuuliza kuhusu suala la makao, maana nyumba ya Heilbronn kila mtu aliijua. Hartwig hakumeza hata mate. Alisema wanauza, wamekubaliana leo leo njiani, na mama hana neno. Kwa dakika kumi habari ilikuwa imezunguka magari yote arobaini.

Na mama mwenyewe?

Alikaa kwenye ukingo wa saruji kituoni karibu saa nzima, akiangalia upande ambao gari lingerudi. Aliamini litarudi. Hilo ndilo linaloniuma mimi zaidi. Miaka arobaini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba Hartwig hasahau kitu chenye namba.

Saa sita hivi kikaingia kigari cha zamani cha kusambazia mikate, ubavuni bado kina picha ya mkate wa kusokotwa iliyofifia. Alishuka mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, akaenda chooni, akatoka, akamkuta Irmela amekaa vile vile.

"Wamekusahau?" akauliza.

"Atarudi," Irmela akasema.

"Wa kwangu alinisahau mpakani mwa Austria, kwenye theluji. Alirudi baada ya saa nne. Alisema alidhani nimenuna." Akafungua mlango wa kigari. "Naitwa Wiltrud. Siku hizi nasafiri peke yangu, kwa hiyo sisahauliki. Panda mwenzangu, nakwenda ziwani."

Ndani kulikuwa na godoro, jiko la gesi la mafiga mawili, na choo cha ndoo. Irmela alikitazama kile choo akauliza kama anaweza kukitumia. Wiltrud akashangaa, akasema ndiyo kazi yake. Irmela akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na Wiltrud akaendesha bila kumuuliza lolote.

Walifika langoni saa saba na dakika saba. Kizuizi kilikuwa kimelala chini. Mlinzi alikuwa nyuma ya kioo anakula figili, akanyoosha kisu kuonyesha saa ya ukutani. Irmela akaeleza kwamba mumewe yumo ndani na amemwacha barabarani. Mlinzi akasikitika kwa dhati, akasema saa tisa.

"Gari haliingii," akafafanua. "Miguu inaingia. Ila kimya kimya."

Wiltrud akaegesha nje ya lango, chini ya kivuli. Kumbukeni kigari kile kilikuwa nje, kina kazi baadaye.

Mapumziko ya mchana huku ni ibada. Kuanzia saa saba hadi saa tisa hakuna kupiga nyundo, hakuna redio, hakuna mtoto kulia, na anayeinua sauti anaandikiwa barua. Irmela alipita kati ya magari arobaini na kandambili zake zilisikika kila hatua. Mwanamke mmoja akamvuta mkono, akamnong'oneza kwa furaha kubwa:

"Hongera mpenzi. Hatimaye mnaiuza ile nyumba. Mimi nisingeweza, lakini wewe una moyo."

Irmela akashika turubai la mtu, akaliachia. Kisha akaendelea kutembea.

Hartwig alikuwa kwenye kiti chake, hotuba mkononi. Alipomwona alisimama, na neno la kwanza kumtoka halikuwa pole wala samahani.

"Umefikaje?" akanong'ona.

"Kwa gari la mikate."

"Sikiliza. Nilikuwa nakuja kukuchukua saa kumi, baada ya kura. Nilijua ulipo. Mtu akijulikana alipo hajapotea."

"Unauza nyumba ya mama?"

"Tunauza. Nilikuambia, ukakubali."

"Uliniambia lini?"

"Njiani. Nilikueleza kila kitu, taratibu, kwa heshima. Hukupinga hata neno."

"Njiani wapi?"

Hartwig akafikiri. Sifa yake moja ni kwamba hata akidanganya hutaja vipimo sahihi. "Kati ya Leutkirch na Wangen."

"Hartwig," Irmela akanong'ona, "kati ya Leutkirch na Wangen mimi nilikuwa Memmingen."

Kiti cha jirani kikalia. Bwana mmoja aliyekuwa ameshika gazeti juu chini akaligeuza. Hakuna aliyesema neno, saa zilikuwa za mapumziko, lakini habari ile ilizunguka kwa nyusi tu. Ilipofika saa saba na nusu hapakuwa na mtu kambini asiyejua kwamba mwandishi wa Orodha ya Kuondoka ameondoka bila mke. Na hapakuwa na mmoja aliyekuja kumpa yule mama glasi ya maji. Watu wa viti vya kukunja, niwaambie nini mimi.

Hartwig akasogea karibu, uso umemwiva.

"Basi umeshasikia sasa. Saa tisa utatia saini fomu ya klabu, Jumatatu utatia kwa wakili. Usinitie aibu mbele za watu."

Irmela alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali zamani, akakuta hakipo. Kisha akasema kichwa bado kinamuuma, atakwenda kulala.

"Vizuri," Hartwig akasema, amefarijika mno. "Pumzika. Nitakuamsha." Akamfungia pazia kwa mkono wake mwenyewe, akaenda chini ya hema la mkutano kujizoeza hotuba kwa kusogeza midomo.

Akina mama mnaosoma, najua mmeshaanza kumtukana Irmela. Mnasema huyu naye, amepigwa konde la uso halafu anakwenda kulala. Ngojeni.

Saa tisa kamili kengele ya kambi ikalia. Wanachama wakajaa chini ya hema na vikombe vyao vya kahawa. Mzee Ottmar akasoma sheria, akasoma jina la mgombea, na mgombea alikuwa mmoja. Fomu ikawekwa mezani. Ottmar akasema, kwa kuwa mgombea anaingia barabarani moja kwa moja, mwenzi wake naye lazima atie saini mbele ya wajumbe kwamba ameridhia.

"Mke wangu amelala," Hartwig akasema. "Ameridhia."

"Tena?" Ottmar akauliza.

Kicheko kikapita chini ya hema, kifupi, kikafichwa kwenye vikombe. Hartwig akasema atamwamsha sasa hivi. Ottmar akasema watafuatana. Wajumbe wakasema nao watafuatana. Msafara ukaondoka, watu themanini wasiopungua, wengine na viti vyao mkononi.

Hartwig akapanda garini, akagonga ukuta taratibu. "Irmela, mpenzi. Ni saa tisa." Hiyo "mpenzi" ilikuwa ya wasikilizaji. Akavuta pazia.

Juu ya mto palikuwa na Orodha ya Kuondoka, imetolewa ukutani na plastiki yake. Chini ya jambo la arobaini na moja palikuwa na mstari mmoja wa penseli, mwandiko wa mviringo wa watu waliosoma zamani:

*42. Mke yumo?*

Mbele yake palikuwa na kisanduku, na kisanduku kilikuwa kitupu.

Akageuka kutazama ndoano za funguo. Kila ndoano ina kibandiko chake, maana yeye ndiye yeye. Ndoano iliyoandikwa NYUMBA haikuwa na kitu. Mkoba haukuwepo, simu haikuwepo, miwani haikuwepo. Mlango wa choo ulikuwa wazi na choo kilikuwa kimetumika.

"Hayumo?" Ottmar akauliza kutoka chini.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Hartwig alifanya jambo bila kulipangia. Aliruka kwenye kiti cha dereva akawasha gari.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Gari likachomoka na waya wa umeme ukiwa umechomekwa, nguzo ya umeme ikang'oka na kulifuata.

"Namba saba," mjumbe mmoja akasema polepole.

Turubai la kivuli lilikuwa limekunjuliwa. Likanasa kwenye mti wa msonobari na kuchanika toka mwanzo hadi mwisho.

"Namba kumi na tisa."

"Kipandio," mke wa mjumbe yule akaongeza. Kipandio kikagonga jiwe na kubaki hapo. "Ishirini na tatu."

Waliikariri kama sala, nilisema. Waliisoma yote, mmoja akipokea kwa mwingine, kabari, gesi, kidirisha cha paani kilichopaa kama sahani na kutua kwenye maji. Hatimaye gari likakwama kwenye kona ya bomba la maji, mita thelathini kutoka lilipoanzia. Umeme wa nusu ya kambi ukakatika na mashine ya kahawa ikanyamaza. Hapo ndipo walipokasirika kweli. Mke alipoachwa barabarani walitazama tu, lakini kahawa ya saa tisa ni jambo jingine.

Na kizuizi kilikuwa kimeinuliwa, mlinzi amesimama kando yake na figili yake, njia nyeupe. Hapakuwa na gari la mikate chini ya kivuli. Waliochelewa kuingia ndio waliokuwa huru kutoka.

Lilikuwa limeondoka tangu saa nane na nusu.

Wakati Hartwig anaangalia mvuke ukitoka puani mwa gari lake, Irmela alikuwa anaipita Memmingen kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii akirudi Heilbronn. Ng'ambo ya barabara akauona ule ukingo wa saruji aliokalia. Wiltrud akamuuliza kama anataka asimame kidogo. Irmela akasema asante, hana haja.

Alikuwa na mpango, na mpango wake ulikuwa mfupi. Afike nyumbani kabla ya giza, amwite fundi abadilishe kitasa, apande kwenye kachumba kake, afungue dirisha la upande wa mti wa tofaa. Jumatatu wakili akimngoja, amngoje.

"Akija na maneno matamu?" Wiltrud akauliza.

"Hana. Aliyonayo ni arobaini na moja, na yote nimeshayasoma."

Kisha akatoa simu mkobani. Wiltrud akadhani anampigia mume, akamkata jicho. Irmela akasema hapana. Alitaka kupiga simu ya nyumbani, ile ya waya iliyo ukumbini chini ya picha ya mama yake. Hakuna mtu ndani, alieleza, na aliona haya kidogo kueleza. Alitaka tu aisikie ikilia. Alitaka kujua iko pale, na ukumbi uko pale, na kwamba inamngoja yeye.

Akabonyeza namba, akaiweka simu sikioni, akafumba macho.

Ikalia mara moja, ikalia mara ya pili, na Irmela akaanza kutabasamu.

Mara ya tatu ikapokelewa.

Huku kwa watu hawa mtu akipokea simu hasemi halo. Hutaja jina la ukoo wake, ndivyo mpigaji anavyojua ameingia nyumba ya nani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, wala si ya kizee, sauti ya mtu aliyekaa kwake na aliyeshiba.

"Brenneisen," ikasema.

Irmela akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Wiltrud aliiona rangi ikimtoka usoni, akawasha taa ya pembeni na kuanza kusogea ukingoni mwa barabara.

"Brenneisen hapa," sauti ikarudia, kwa uchovu kidogo. "Ni wewe, Hartwig? Ameshatia saini?"

Na nyuma ya sauti ile, kutoka juu, kwenye kachumba kenye dirisha la mti wa tofaa, cherehani ya Irmela ilikuwa inashona.